Ua Lililochukia Ndoo

Kwa miaka kumi na tisa, mtunza bustani wa zahanati alitembea na ndoo kama wengine wanavyotembea na simu. Hata mumewe alimwita Bi Ndoo. Kilichoota alikimwagilia, na kisichoota pia. Siku moja alikutwa akimwagilia nguzo ya uzio, eti imekauka sana.

Kisha ukaja ukame. Maji ya bomba yakawa ya wagonjwa tu, na bustani ya mbele ya mlango ikageuka vumbi. Daktari mkuu, mwanamke mchache wa maneno, akaleta mifuko sita ya saruji.

"Bi Ndoo, hapa tunasakafia."

Bi Ndoo akakimbilia chumba cha mafagio kwa mdogo wake, msafishaji wa wodi. "Wakisakafia, mimi nitatunza nini? Nyufa?"

"Utazipalilia, dada."

Lakini nyuma ya uzio, kwenye mbuga ya nyasi zilizokauka hadi kuvunjika, kulikuwa na ua la zambarau. Hakuna aliyelipanda, hakuna aliyelinywesha, nalo lilichanua wakati kila kitu kimekata tamaa. Bi Ndoo akachuma mbegu zake, akazitia kwenye bahasha ya vidonge, akaenda kumwomba daktari muda. Akapewa miezi sita.

Akaanza kwa mapenzi. Akamwaga samadi toroli mbili, na maji yake ya kuoga akayabeba kutoka nyumbani asubuhi na jioni. Miche michache ikachungulia, ikanona, ikaoza.

"Umemchukua mtoto wa shida ukamfanyia karamu kila siku," mdogo wake akasema. "Tumbo lisimchafuke kwa nini?"

Mara ya pili akatoa samadi yote, akachanganya udongo na mchanga na kokoto. Ganda la mbegu lilikuwa gumu kama roho ya mwenye nyumba, kwa hiyo akaomba msasa kwa seremala anayetengeneza vitanda, akazisugua taratibu. Akazipanda kina cha ukucha, kila shimo mahali pake pa kudumu, maana ua hili halipendi kuhamishwa. Akanyunyiza maji kidogo hadi majani yakatokea. Halafu basi.

Hapo ndipo kazi ilipomshinda: kutofanya kazi. Ikabidi ndoo ifungiwe chumba cha mafagio, ufunguo kwa mdogo mtu. Siku ya tatu Bi Ndoo akakamatwa bustanini na kikombe.

"Nakunywa chai," akajitetea.

"Chai gani nyeupe hivyo? Leta hapa!"

Miezi sita ikaisha. Miche ilikuwa na urefu wa kidole, ua hakuna hata la dawa. Daktari akafika na fundi mwashi, koleo begani.

Bi Ndoo hakubishana. Alipiga magoti kando ya mche mmoja, akachimba. Akachimba hadi fundi akaweka koleo chini na kuinama kutazama. Alipoutoa, mzizi ulikuwa mrefu kama mkono wake, na ncha yake ilikuwa imekatikia huko huko chini.

"Daktari, juu kidole, chini mkono mzima. Mwaka wa kwanza linajenga chini tu. Tumeua mmoja ili uone; hii mingine niachie."

Daktari akaupima mzizi kwa mkono wake mwenyewe, akacheka hadi miwani ikateleza. "Haya. Mwaka mmoja. Saruji ikae stoo."

Kiangazi kilichofuata, nyasi zote zikiwa zimelala, bustani ilisimama zambarau tupu, nyuki hadi mlangoni. Fundi aliporudi na koleo lake, daktari akamwambia aende zake.

Na saruji? Mvua ziliporudi stoo ilivuja, mifuko ikaganda kama mawe. Kabla ya kuondoka, mwashi akaikokota hadi chini ya ukingo wa paa, na sasa wagonjwa huikalia wakitazama maua. Ikijaa, Bi Ndoo hupindua ndoo yake kichwa chini, akaketi juu yake, mikono kifuani, asije akainuka kwa bahati mbaya akamwagilia kitu.