Molekuli za Debe Tupu

Mimi ni mwalimu wa sayansi, na sikutaka kijiji chetu cha ujamaa kiaibike. Mtama ulishakwisha. Mkuu wa wilaya alipouliza ghalani kuna nini, nilikokotoa hewa ya madebe matupu, nikamjibu: kila debe lina molekuli tano, ikifuatwa na sufuri ishirini na tatu. Molekuli ni nini, sikueleza. Akapiga makofi.

“Ndugu Mwalimu, ziada hiyo wagawieni wenzetu wa Iguguno.”

“Tutawagawia, Ndugu.”

Jana lori la Iguguno lilifika. Mama mmoja alishuka na gunia, akaniamkia kwa heshima, akainamisha debe mdomoni mwa gunia, akangoja. Kisha akanigeukia, kijiji kizima kikisikia.

“Mwalimu, hizi molekuli mnazisongaje ugali?”