Upande wa Shemeji

Wiki iliyopita pikipiki ya baba mdogo ilizama kwenye tope tukiwa tumekaribia nyumbani Ngulyati, mimi nimekaa nyuma na begi la vyeti vyangu mapajani. Udongo wa kwetu ni mweusi, na ukilowa unashika gurudumu kama ugali unavyoshika mwiko. Tulishuka tukasukuma, ikagoma. Baba mdogo akakipiga kiti kofi la upole, akasema, "Haya Mzee, inuka." Wote wawili tulijua kwamba hakuwa anaongea na pikipiki.

Mimi, rafiki yangu, ni mtu wa kufikiri kupita kiasi. Nimemaliza chuo, nasubiri kuitwa kwenye usaili, na simu ikiita huwa nimeshajikatalia kazi kabla sijaipokea. Lakini lile neno, "inuka," lilinifagia kichwa chote. Nilisimama kwenye tope nikiwa tena mtoto wa darasa la nne, miguu mitupu, kamba ya ng'ombe mkononi.

Mzee alikuwa maksai wetu wa kulimia, mwekundu, mwenye pembe moja iliyoinama kama inataka kumsikiliza mtu. Mwenzake alikuwa mweusi mwenye baka jeupe tumboni, na jina lake lilikuwa Shemeji, kwa sababu alikuja nyumbani kwenye mahari ya shangazi. Jina hilo lilituletea vichekesho visivyoisha. Baba mdogo akiwa nyuma ya plau alikuwa anapaza sauti, "Shemeji, acha uvivu! Shemeji, unakula mahindi ya watu!" Siku moja mume wa shangazi alikuwa anapita njiani na baiskeli. Alishuka akauliza kwa uchungu amekosa nini. Bibi alicheka mpaka akakaa chini.

Kama hujawahi kulima kwa ng'ombe, nikueleze kidogo. Wawili wanafungwa nira moja, na kila mmoja ana upande wake. Mzee alikuwa wa kulia, na wa kulia hutembea ndani ya mfereji uliokwisha kulimwa. Shemeji alikuwa wa kushoto, anayekanyaga ardhi ambayo bado haijaguswa. Maksai akishafundishwa upande, huo ndio wake mpaka uzee. Ukiwabadilisha hata kwa mzaha, mistari inakwenda kama ya mlevi. Kazi yangu ilikuwa kuongoza, yaani kutangulia mbele na kamba ili wasipinde. Asubuhi kabla ya shule nilikuwa nasikia pumzi zao za joto mgongoni, mmoja bega la kulia, mmoja la kushoto, na mnyororo wa plau ukilia nyuma yao. Ukifika mwisho wa shamba, bibi alikuwa anakungoja na michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyochemshwa na karanga, na maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Sijala kitu kitamu kama kile hadi leo, na nimeshajiuliza mara nyingi kama ni michembe au ni njaa.

Mzee aliugua mwanzoni mwa msimu wa pamba, wakati majirani wote walikuwa wameshaanza kulima. Alianza kwa kuacha majani. Halafu masikio yakalegea, halafu siku moja jua likachomoza naye hakuinuka. Bwana mifugo alikuja, akampima joto, akagusa mitoki chini ya masikio, akasema ni ndigana, homa ya kupe. Alimchoma sindano, na alirudi tena na tena bila kuitwa, viatu vyake vizito kwa tope. Alisema mgonjwa asilale na kundi. Ndiyo maana tukamburuta kwa magunia, watu wazima wakivuta na watoto tukisukuma, hadi kwenye zizi dogo la ndama, tukamlaza pembeni kabisa, ubavu wake wa kushoto ukigusa ukuta wa miiba.

Hapo ndipo bibi alipohamia. Alikuwa anamkorogea uji wa pumba, anamkatia majani mabichi ya kando ya mto, anamwekea mashudu ya pamba mbele ya pua kama mtu anayembembeleza mtoto. Alikuwa ananituma nichemshe maji, tunalowesha kitambaa, tunamkanda miguu. Bibi alikuwa anasema mgonjwa akiacha kufukuza nzi ndipo uanze kuogopa. Kwa hiyo nilikuwa nashinda nautazama mkia wa Mzee. Ukitikisika napumua, ukitulia naanza kulia. Nadhani hii tabia yangu ya wasiwasi niliipatia pale, nikiutazama mkia wa ng'ombe.

Bwana mifugo alipokuja mara ya mwisho alimpima, akatabasamu, kisha akaacha kutabasamu.

"Homa imeshuka, mama. Dawa imefanya kazi yake. Sasa kitakachomuua ni kulala. Ng'ombe mzito akilala hivi, miguu inakufa. Asiposimama leo, sidhani kama atasimama."

Baba mdogo alikuwa ameegemea ukuta wa zizi. Hakuwa mtu mbaya, nataka ujue hilo. Shamba lilikuwa halijaguswa na mvua zilikuwa zinapita.

"Mayu," alimwambia bibi, kwani kwetu mama ni mayu, "tumchinje angali hai. Nimeshaongea na mwenye bucha, anakuja leo. Akifa mwenyewe tutawapa fisi?"

"Umelima naye tangu hujaoa."

"Ndiyo maana sitaki ateseke."

"Basi huyo mwenye bucha wako aje jioni."

"Jioni kuna tofauti gani?"

"Tofauti ni mchana," bibi alisema, akarudi kukanda mguu.

Siku zote hizo Shemeji alikuwa malishoni na kundi, lakini wachungaji walikuwa wanalalamika. Hali majani. Anasimama ameelekea nyumbani. Kutwa anatoa mlio mmoja mzito ambao hata sisi ndani tuliusikia, tukadhani ni njaa tu. Siku ile bibi alisema aletwe. Bwana mifugo alikuwa bado anafunga mkoba wake, akasema kama homa imeshuka hakuna ubaya.

Shemeji aliletwa. Alipita mlango wa zizi dogo mwenyewe, mbio, nusura amkanyage kuku. Nafasi ilikuwa upande wa kulia wa Mzee tu, kwa hiyo baba mdogo akachimbia mti pale, akamfunga. Tulingoja. Mimi nilikuwa na hakika Mzee ataruka. Wala. Alifungua macho, akayafumba. Na Shemeji hakutulia. Alivuta kamba, akauzunguka mti, akajiviringa mpaka shingo ikabanwa, akafunguliwa, akajiviringa tena. Alikuwa anausukuma ukuta wa miiba kwa pua, anachomwa, anaurudia.

"Anaogopa harufu ya ugonjwa," jirani yetu alisema. Alikuwa mama mmoja aliyekuwa anakuja kuazima chumvi na kukaa mpaka chakula kiive. "Mtoeni, atawavunjia zizi."

Baba mdogo alikwenda kumfungua Shemeji ili amrudishe malishoni. Alishika kamba, akainama kuifungua, kisha akabaki vile vile, ameinama. Alimtazama Shemeji. Akamtazama Mzee. Akautazama ukuta. Nilimwona akinyoosha mikono yake miwili mbele, kama mtu aliyeshika plau.

"Sisi ni wajinga," alisema. "Tumemweka Shemeji kulia, pa mwenzake."

Sote pale tulijua pande zao kuliko tulivyojua pande za vitanda vyetu. Hata mimi. Lakini tulizijua za shambani, chini ya nira. Haikutujia kabisa kwamba pasipo nira, pasipo plau, ng'ombe anaweza bado kuwa na mahali pake pembeni ya mwenzake, na kwamba mwenzake naye anaweza kuwa anamngojea pale na si pengine.

"Mgeuzeni basi Mzee," jirani alisema.

"Tukimgeuza miguu itavunjika," alisema bwana mifugo.

Baba mdogo alikuwa ameshachukua panga.

"Wewe! Unatoboa zizi?" Bibi alisimama. Kwetu zizi lina mlango mmoja. Miiba ile ilirundikwa na kufungwa msimu kwa msimu, na fisi walikuwa wanafika hadi jikoni. "Usiku huu fisi watalala na ndama zangu!"

"Mayu, si ulisema mpaka jioni? Niache basi mpaka jioni."

Alikata. Miiba ilimchana mikono na hakujifuta. Bwana mifugo alivua koti akasaidia kuburuta matawi. Jirani naye, huku akilaani, alishika tawi. Mwanga uliingia kwenye zizi lile mahali ambapo sikuwahi kuuona, ukamwangukia Mzee ubavuni.

Kisha baba mdogo akamfungua Shemeji, akaitupa kamba chini kabisa.

Hakuna aliyemwongoza. Alitoka mlangoni, akazunguka nje taratibu, tukimwona kichwa chake kikipita juu ya miiba, akatokea kwenye pengo. Alisimama upande wa kushoto wa Mzee. Akamnusa pembe ile iliyoinama. Akamlamba sikio, ulimi wake ukikwaruza kama msasa. Halafu akapiga magoti, akalala pale pale kwenye pengo, ubavu kwa ubavu, umbali ule ule wa nira.

Sijui tulikaa hivyo muda gani. Najua tu kwamba nilisikia sauti ndogo, nikadhani ni panya kwenye majani. Bibi alinishika mkono. Alikuwa ni Mzee. Taya lake lilikuwa linakwenda polepole, kulia, kushoto. Alikuwa anacheua.

"Lete nira," bibi alimwambia mwanawe. Alisema kwa mnong'ono, kama tuko kanisani.

Baba mdogo aliilaza nira kwenye shingo zao wote wawili wakiwa wamelala, jinsi walivyokuwa wakipumzika shambani mchana wa jua kali. Akanigeukia. "Nenda mbele." Nilikwenda mbele. Sikuwa na kamba, nilisimama tu mahali pangu, mgongo kwao, kwa sababu ndivyo nilivyozoea. Nilisikia pumzi bega la kushoto. Nikangoja ya kulia.

"Haya Mzee," alisema baba mdogo, bila kupaza sauti. "Haya Shemeji. Inukeni."

Nikageuka, sikuweza kuvumilia. Miguu ya nyuma ya Shemeji ilinyooka kwanza, na ya Mzee ikatetemeka, ikanyooka nayo. Wakabaki hivyo, wamepiga magoti ya mbele, nira imelala sawa kati yao, na Shemeji hakumalizia. Alingoja. Yule mnyama tuliyemwita mvivu kila asubuhi alipiga magoti kwenye miiba akamngoja mwenzake apate pumzi. Halafu wakasimama pamoja.

Bwana mifugo alikuwa ameshika kofia kifuani. Jirani, mwanamke aliyeweza kuongea toka alfajiri hadi mchana, alikuwa amefunika mdomo. Bibi alimkaribia Mzee, akamshika pua, akampa salamu yetu ya asubuhi, "Mwangaluka, Mzee."

"Mayu, ni jioni hii," baba mdogo alisema.

"Yeye ndiyo kwanza ameamka," bibi alijibu.

Mwenye bucha alifika na kisu chake kimefungwa kwenye gunia. Alimkuta ng'ombe aliyekuja kumchukua anakula majani kwa miguu yake minne. Aliuliza ni yupi mgonjwa. Baba mdogo akamwonesha mikono yake iliyochanika, akasema, "Mimi." Mgeni akaletewa maziwa, akanywa, akaondoka.

Asubuhi nilikwenda zizini kabla ya mtu yeyote. Pengo lilikuwa bado wazi. Baba mdogo alikuwa amekaa katikati yake, blanketi limelowa umande, rungu mapajani. Nyuma yake walikuwa wamelala wawili. Aliweka kidole mdomoni mwake nisiwaamshe.

Mzee hakulima tena. Tuliazima ng'ombe wa watu, tukachelewa, pamba yetu ikawa fupi mwaka ule. Alikufa mwenyewe baada ya muda mrefu, kwenye majani, Shemeji akiwa kushoto kwake, na baba mdogo akamchimbia shimo. Kijiji kizima kilicheka. Watu walikuja kutazama familia iliyozika nyama.

Tangu nisome, nimejaribu kulieleza jambo lile. Ni dawa. Ni mazoea ya nira. Ni joto la mwili wa mwenzake. Nimelipindua kila upande usiku nikikosa usingizi, na kila maelezo yanatosha, na nikiyajumlisha yote bado naona magoti yale ya Shemeji juu ya miiba, yakingoja.

Siku hizi shamba letu linalimwa na trekta la kukodi. Linamaliza kabla chai haijapoa, na halina jina la kuitwa. Watoto wa baba mdogo hawajui kulia wala kushoto kwa ng'ombe. Mahali pa zizi pamepandwa mahindi, tena yanastawi vizuri. Wiki ile iliyopita, pikipiki ilipokwisha kutoka kwenye tope, nilizunguka kule kutafuta mahali pengo lilipokuwa. Nilipita mstari kwa mstari, nikijaribu kukumbuka mwanga uliingilia wapi. Baba mdogo aliniona kutoka nyumbani, akanikuta kule.

"Unatafuta nini?"

Nikamwambia.

Alitazama mahindi huku na huku. Yeye ndiye aliyekata miiba ile kwa mikono yake, na yeye ndiye aliyelala pale.

"Ukuta ukishaondoka," alisema, "pengo nalo linakwenda."

Tukasimama tu, mahindi yakitugusa mabega.