Pikipiki Iliyogoma Penye Minyaa

Soko lilipofunguliwa kwa watu binafsi, petroli nayo ilitoka kituoni ikaja kukaa kando ya barabara ndani ya chupa za soda. Mimi, mhitimu wa chuo kikuu niliyekosa kazi serikalini, nikawa karani wa mnunuzi binafsi wa pamba pale Bariadi. Kazi ilinipa pikipiki ya mtumba, ndefu, ya kupita porini, yenye tairi za meno makubwa. Petroli ya chupa ilikuwa na mchanga, kutu, wakati mwingine maji. Sisi watu wa pamba tulikuwa na dawa yake: unachukua donge la pamba, unalisokomeza kwenye faneli, unachuja. Nilijiona msafi kuliko mafundi wote wa mji.

Pikipiki ile ilikuwa na mahali pake pa kufa. Ukishapita Mwamapalala kuelekea Kimali, alikokaa mama yangu, kuna mahame: ua wa minyaa umebaki umesimama, ukizunguka boma ambalo halina nyumba tangu watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa. Mama aliolewa hapo. Hapo injini ilikohoa, ikavuta pumzi, ikanyamaza. Nikitoka Bariadi inazima hapo. Nikitoka Kimali, hapo hapo. Nikiingia ndani nikakaa kidogo kwenye jiwe la kusagia, katikati ya magugu, inawaka, kana kwamba ilitaka tu nikae. Chuoni nilisoma falsafa. Kufikia mavuno nilikuwa navua kofia kila nikiingia humo.

Msimu ule mama hakuona tena. Ukungu mweupe ulifunika macho yote mawili. Madaktari wa macho walikuwa wamekuja hospitali ya Bariadi, na hiyo ilikuwa siku yao ya mwisho. Nikampakia alfajiri, nikamfunga mgongoni kwangu kwa kitenge, kama mtoto, asije akaanguka.

Penye minyaa injini ikazima.

“Tumefika nyumbani,” mama akasema.

“Hapana, mayu. Ni petroli.”

“Petroli ndiyo imejua njia?”

Nikamfungua. Akaenda moja kwa moja hadi pale ulipokuwa mlango wa ua, bila kupapasa, akaamkia kwa Kisukuma, “Mwangaluka!” Akainamisha kichwa kama mtu anayeitikiwa. Akacheka.

“Wanasema umekonda.”

“Akina nani?”

“Wewe mwenye macho ndiye unaniuliza mimi?”

Nilichomoa plagi: moto upo. Nikavuta mpira kwenye kabureta: petroli ikadondoka kidogo, ikakoma, na tanki lilikuwa zaidi ya nusu. Basi njia ilizibwa juu ya mpira. Nikamimina petroli kwenye dumu, nikalivua tanki, nikalilaza ubavu, nikachomoa koki. Chujio lake, jembamba kama kidole, lilikuwa limeviringishwa nyuzi nyeupe, kidole cha maiti ndani ya sanda.

Ilikuwa pamba yangu mwenyewe. Injini ikivuta kwa nguvu, nyuzi zinajibana kwenye chujio. Ikinyamaza, zinalegea na kuelea. Na hapo penye minyaa mchanga ni mzito, utoke huku au kule, lazima injini ivute sana. Nilifurahi mno, nikaanza kumhutubia mama kupitia ua.

“Sawa, mwanangu,” akanikatiza. “Wamesema tuwahi.”

Nikabandua nyuzi, nikarudisha petroli bila kuichuja kwa kitu chochote, tukaondoka. Tulikuta madaktari wameanza kufunga masanduku. Mama alikuwa wa mwisho kupokewa, wakamtengeneza jicho la kulia.

Bandeji ilipotolewa nikamrudisha Kimali. Penye minyaa injini ilipita mchangani bila hata kukohoa. Nilikuwa nimevimba kwa majivuno mama aliponipiga mgongoni.

“Simama!”

Nikasimama. Alikuwa anautazama ua kwa jicho lake jipya.

“Mbona hukuniambia wanafagia?”

Nikachungulia. Pale nilipozoea kukaa katikati ya magugu hapakuwa na magugu. Udongo ulikuwa na mistari ya ufagio, mibichi, imepangana vizuri hadi kwenye jiwe la kusagia, na jiwe lilikuwa limelowa. Nyayo sikuona.

“Na yule aliyeshika ufagio ni nani?” akauliza.

“Mayu, sioni mtu.”

Akanigeukia, akanitazama usoni kwa huruma.

“Pole, baba. Ungewaomba wale madaktari wakutazame na wewe.”