Gari Lililonyamaza Njia ya Kinampanda

Gari langu ni dogo, la familia, limenyanyuka kidogo kutoka chini, na linatumia petroli pamoja na umeme. Nalieleza kwanza kwa sababu watu wa Kinampanda wamelisingizia mambo ambayo halikufanya.

Nililinunua likiwa limetumika, kwa kazi yangu ya kuuza mafuta ya alizeti. Mwanzoni nilichoka na maswali. Unalichaji wapi? Halichajiwi, linajichaji lenyewe likitembea na ukikanyaga breki. Mbona limezima? Halijazima. Ukisimama, injini inanyamaza. Ukikanyaga mafuta linaondoka kimyakimya, injini inaamka mbele ya safari. Fundi mmoja wa mjini alifungua boneti, akaangalia, akaifunga. "Dada, hili mpelekee fundi redio," akaniambia. Nilijifunza mwenyewe kwamba kando ya kiti cha nyuma kuna tundu linalovuta hewa ya kupoza betri, na vumbi letu hulijaza. Nalisafisha kwa mswaki wa zamani.

Mama ndiye aliyelipenda kuliko mimi. Tuliishi wote Issuna, kijijini kwao alikozaliwa. Kuku na mbuzi hawalisikii likija, kwa hiyo alikuwa akikaa mbele, akitoa mkono dirishani na kupiga mlango kwa kiganja ili wapishe. Honi hakuitaka.

"Huwezi kuingia kwenye mji wa mtu, kwenye boma lake, unapiga kelele, mwanangu," alikuwa akiniambia.

Hakurudi Issuna kwa kupenda. Baba alipofariki kule Kinampanda, mdogo wake alisimama siku ya kuanua matanga, akasema marehemu amemjia usiku na kusema mke wake asibaki kwenye shamba. Watu wakainamisha vichwa. Mama akaondoka na godoro na sufuria zake, shamba likawa la baba mdogo. Baba yangu hakusema vile. Alikuwa mtu wa kusema mambo yake mchana, kila mtu akisikia. Tangu siku hiyo mama aliniomba jambo moja tu: akifa azikwe Issuna, karibu na mama yake.

Alifia hospitali, Singida mjini. Baba mdogo akaja na shangazi, dada yao na baba. Kikao kikakaa nje ya chumba cha maiti.

"Mahari ilitoka," baba mdogo akasema. "Mke wa ukoo hazikwi kwao."

"Shikamoo baba. Mama alisema Issuna."

"Marahaba. Wewe ni binti, mwanangu. Haya si mambo yako."

Wajomba zangu wamekwisha wote. Hakuna aliyenisemea. Halafu nikauliza gari la kubebea mwili liko wapi, akanitazama kama nimeuliza ujinga. "Si lako lipo?"

Yaani walimfukuza akiwa hai, wakamtaka akiwa maiti, na usafiri niwape mimi.

Mama alikuwa amekwisha mwili, jeneza lilikuwa dogo. Tulilaza upande mmoja wa viti vya nyuma, tukasogeza kiti cha abiria mbele hadi mwisho. Baba mdogo akakaa hapo, magoti yamegusa dashibodi. Shangazi alikaa nyuma yangu, mkono juu ya jeneza. Waombolezaji wengine walitangulia kwa basi dogo.

Tulipoikaribia Kinampanda, kundi la ng'ombe lilivuka barabara. Nikasimama. Injini ikanyamaza.

"Umezima?" baba mdogo akauliza.

"Sijazima."

"Mbona kimya?"

Ng'ombe walimaliza kupita. Sikuondoka mara moja, nilikuwa nafuta macho. Shangazi akaanza kuongea Kinyiramba kwa sauti ya chini, akimwita mama. Kisha akasema kwa Kiswahili, ili na mimi nisikie, "Wifi amekataa."

"Nyamaza," baba mdogo akamwambia.

"Ninyamaze nini? Amekataa. Unajua ulichomfanyia. Mimi nilikuwepo."

Nilimtazama baba mdogo. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. Hakugeuka nyuma hata kidogo. Alishika mkono wa mlango, akasema taratibu, "Shemeji, basi. Kama ni Issuna, twende Issuna. Binti, geuza gari."

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi yangu. Nilitakiwa kukaa kimya tu. Nigeuze, na mama alale alikotaka. Mguu wangu ulikuwa kwenye breki, na nilikuwa na hasira ya kutosha kufanya lolote. Lakini nilimkumbuka akitoka na godoro lake kwa sababu mtu alimwekea maiti maneno mdomoni. Na mimi nimwekee yeye?

"Hajakataa kitu," nikasema. "Gari likisimama injini inajizima. Ndivyo lilivyoundwa. Issuna alisema akiwa hai, kwa mdomo wake, na niliwaambia."

Nikasubiri. Nilidhani aliyeogopa kiasi kile angeona aibu.

Baba mdogo akapangusa jasho. "Kumbe ni mashine," akasema, akacheka kidogo. "Haya, twende. Watu wanatungoja."

Tukamzika Kinampanda, pembeni ya shamba lililokuwa lake.

Siku ya kuanua matanga baba mdogo akasimama tena, palepale aliposimama miaka ile. Akawaambia watu kwamba njiani gari lilizima kabisa, akamsihi shemeji yake, na likaondoka lenyewe bila kuwashwa, likamleta. "Amechagua mwenyewe kurudi kwetu," akasema. Watu wakainamisha vichwa. Shangazi naye akainamisha.

Nikasimama. Sijazoea kusema mbele za watu.

"Mama alitaka Issuna. Gari halikusema neno, na baba mdogo alijua, nilimweleza mwenyewe."

"Uchungu huo," mzee mmoja akasema. "Mwacheni."

Niliingia garini. Lilipoondoka hakuna aliyelisikia, kuku walikuwa wamelala katikati ya njia, watu wamenipa mgongo wanapokea chakula. Nikaweka kiganja kwenye honi, nikakibakiza hapo mpaka nilipoumaliza mji wa baba mdogo.