Mama Printa hataki kujua ulichotafuta

Saa mbili na robo asubuhi. Mama Printa amesimama nyuma ya kompyuta namba tatu, mikono kiunoni, anamtazama mwalimu mstaafu akisogeza kishale taratibu kuelekea kitufe cha kijani kinachowakawaka.

"Mwalimu, hicho usikiguse."

"Kimeandikwa hongera."

"Hongera ya nini, mzee wangu? Umekuja kuhakiki pensheni. Tangu umekaa hapo umefanya lipi la kupongezwa?"

Mwalimu anavua miwani, anaifuta kwa ncha ya shati, anaivaa tena. "Inasema mimi ni mgeni wa milioni moja."

"Na juzi ulikuwa wa milioni moja. Ina maana tangu juzi hakuna mwingine aliyeingia?"

Anainama na kukifunga kidirisha hicho. Kinafunguka kingine. Anakifunga nacho. Kumbe kizuia matangazo, kile kiprogramu alichokiweka kwenye kompyuta zake zote nne, kimezimwa. Aliyekizima ni mwalimu mwenyewe, kwa kuwa ukurasa wa habari za mpira ulimtaka akizime kwanza ndipo asome.

"Waliniomba kwa adabu," anajitetea.

"Siku hizi hata mwizi anabisha hodi, Mwalimu."

Duka la Mama Printa ni chumba kimoja, hatua sita kwa tano. Kuna kompyuta nne, mashine ya fotokopi inayokohoa kabla ya kufanya kazi, feni moja, na printa ile iliyompa jina miaka kumi na moja iliyopita, ambayo haifanyi kazi tena lakini hataki kuitupa. Kati ya kompyuta na kompyuta amesimamisha kipande cha mbao laini, ili wa kushoto asichungulie kwa wa kulia.

Ukutani kuna matangazo mawili aliyoyaandika kwa mkono, na hayo ndiyo matangazo pekee anayoyavumilia. La kwanza linasema: UKIMALIZA, NIITE NIFUTE. La pili: USIBONYEZE KUBALI KABLA HUJASOMA. Chini ya hilo la pili, mteja fulani ameongeza kwa kalamu: Nani ana muda?

"Huyo nikimjua," anasema Mama Printa, "nitamtoza mara mbili."

Ana umri wa miaka arobaini na mitatu. Kazi yake ni kuwachapia watu barua, kuwajazia fomu za kazi, za vyuo na za hati za kusafiria, na kuwakodisha kompyuta wale wasio nazo. Hiyo ndiyo kazi inayomlipa. Kazi inayomchosha ni nyingine, nayo halipwi hata kidogo: kuwazuia watu wasijianike wenyewe.

Mwandishi wa makala haya naye hakusalimika. Aliketi kwenye kompyuta namba mbili ili aangalie hali ya hewa ya kesho, ukurasa ukamwuliza kitu, akabonyeza "Kubali zote" bila kufikiri.

"Umekubali nini?" aliuliza Mama Printa kutoka kwenye meza yake, bila kuinuka.

"Sijui."

"Na wewe ndiye mwandishi wa habari."

Akaja, akarudisha ukurasa nyuma, akafungua yale maandishi madogo ambayo hakuna anayeyasoma. Ukurasa ule wa hali ya hewa ulikuwa unaomba ruhusa ya kuwagawia habari za msomaji washirika mia sita na kumi na wanne.

"Washirika wako hao," alisema. "Umewahi kula nao? Unajua hata mmoja anakaa wapi? Umetaka kujua kama mvua itanyesha, watu mia sita wamejua uko wapi na unatumia kompyuta ya nani."

Vile wanavyokutegea huitwa vidakuzi. Ni vijirekodi vidogo ambavyo ukurasa huviacha ndani ya kompyuta yako, ukirudi ukutambue, na ukienda kwingine wenzake wakutambue pia. Ndiyo maana mtu akitafuta bei ya viatu leo, viatu vinamwandama wiki nzima. Kwenye simu yako ni kero tu. Kwenye kompyuta inayokaliwa na watu thelathini kwa siku, ni jambo lingine kabisa, na Mama Printa alilijua kwa njia ambayo hamwombei hata adui yake.

Ilikuwa miezi mitano iliyopita. Ng'ambo ya barabara kuna fundi cherehani, mwanamke aliyemzidi kwa miaka saba, ambaye wamepokezana naye sufuria na watoto kwa muda wote wa duka hili. Kila mmoja humwita mwenzake "jirani", ingawa wamekaribiana kuliko ndugu. Siku hiyo fundi alikuja mchana, akaomba namba tatu, ile ya pembeni. Akakaa nusu saa. Alikuwa anasoma kuhusu ugonjwa.

Ugonjwa gani? Mwandishi aliuliza, kama kazi yake inavyomtaka.

"Hata ukikaa hapa mpaka mwakani," alijibu Mama Printa, "hilo hulipati."

Basi fundi alipomaliza alifunga ukurasa, akaaga. Mlangoni akapishana na mama mkwe wake, aliyekuwa analeta barua ya kikundi chao cha akina mama ichapwe. Wakasalimiana. Bibi yule akaelekezwa kwenye kiti kilichokuwa wazi, namba tatu, asubiri huku akitazama picha za magauni. Hakuona magauni mengi. Kila ukurasa aliofungua ulijaa matangazo ya dawa, ya kliniki, ya dalili kumi usizopaswa kuzipuuza, yote ya ugonjwa ule ule mmoja.

"Akaniuliza, mwanangu, mbona mashine yako ina maneno haya?" anasimulia Mama Printa. "Mimi nimempa mgongo, nachapa barua yake. Na unajua mtu akiulizwa kitu anachokijua anavyovimba kichwa. Nikamwambia, 'Mama, hayo hayaji hivi hivi. Yanafuata alichotafuta mtu aliyekaa hapo kabla yako.'"

Mashine ya fotokopi inakohoa.

"Halafu akasema, 'Aliyekaa hapa kabla yangu ni mke wa mwanangu.'"

Kufikia jioni ya siku ya pili, habari ilikuwa imefika kwa mume, kwa mawifi, na kwa shangazi mmoja anayeishi mbali na asiyehusika. Fundi, ambaye alikuwa hajamwambia hata mumewe kwa sababu alitaka kwanza apate majibu ya hospitali awe na hakika, alijikuta anajibu maswali asiyokuwa na majibu yake. Aliacha kuvuka barabara. Wateja wake wakitaka fotokopi ya vipimo vya nguo, aliwaelekeza duka la mbali.

"Watu wananifariji, wanasema kosa ni la matangazo," anasema Mama Printa. "Si kweli. Kompyuta ilitoa nusu ya siri. Nusu nyingine niliitoa mimi kwa mdomo wangu, tena nikijiona mtaalamu. Wazee walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi nilijikwaa ulimi, kidole hakina hata alama."

Hapo ndipo alipoanza vita vyake. Alitaka kizuia matangazo, akaandika maneno hayo kwenye mtandao, akapakua cha kwanza alichokiona. Kilikuwa tangazo. Kwa siku tatu kompyuta zake zilimwaga matangazo hata zikiwa hazijafunguliwa ukurasa wowote, likiwemo moja lililomshauri anunue kizuia matangazo.

"Nilicheka mpaka nikalia," anasema. "Kisha nikalia tu."

Alisoma kwa wiki tatu. Akapata kizuizi cha kweli, kisicho na bei wala maneno mengi. Akageuza vivinjari vyote, zile programu za kufungulia mtandao, vifungukie dirisha la faragha, lisilotunza kumbukumbu likishafungwa, na akaongeza zoea lake la kufuta kila kitu mteja anapoinuka. Kwenye ukurasa mmoja wa gazeti anaoupenda mwalimu, kizuizi kilihesabu vitu arobaini na saba kilivyovizuia. Bando la dukani lililokuwa likiisha siku ya ishirini sasa linafika siku ya ishirini na nane, kwa kuwa matangazo yalikuwa yakila kuliko wateja.

Ungedhani wateja wangemshukuru. Wateja walikuja juu.

"Mmoja ananiambia nimemharibia mtandao, haoni zile picha zinazochezacheza. Mwingine anataka akija kesho akute ukurasa wake wazi kama alivyouacha. Namwambia, ukiukuta wazi wewe, ameukuta wazi na mwenzako. Anasema yeye hana cha kuficha. Nikamwambia sawa, nipe simu yako nisome kwa sauti. Akaondoka."

Na Mama Printa hawadanganyi wanaobaki. Anawaambia kwamba dirisha la faragha linafuta nyayo za ndani ya chumba hiki tu. Wenye kurasa, huko waliko, bado wanaona mtu amepita. Hilo nalo linawaudhi, maana walitaka waambiwe kwamba sasa hawaonekani kabisa.

Lakini lililowaudhi zaidi ni daftari. Kama maduka mengi ya aina hii, lake lilikuwa na daftari, lenye jalada jekundu, ambamo wateja waliomba waandikiwe anwani zao za barua pepe na maneno yao ya siri, wasije wakasahau. Watu mia moja sitini na watatu. Baada ya yaliyotokea, Mama Printa alilitazama akaona aibu. Anawafukuza wapelelezi mlangoni, na kabati lake lina funguo za mtaa mzima.

Akaanza kumrudishia kila mtu ukurasa wake.

"Sasa neno la siri nitalitunza wapi?" aliuliza mwalimu mstaafu alipokabidhiwa wake.

"Kichwani, Mwalimu."

"Huko ndiko lilikopotea."

Wiki sita zilipita, daftari likabaki na ukurasa mmoja. Wa fundi cherehani. Na hapa Mama Printa anapunguza sauti, ingawa chumbani hakuna mwingine, mwalimu ameshaondoka na pensheni yake imehakikiwa.

Alijua kwamba hospitali hutuma majibu ya vipimo na tarehe za miadi kwa barua pepe. Alijua kwamba fundi hana pengine pa kuifungulia, na kwamba neno la siri halikumbuki, maana hata siku ile alikuwa amemwomba amsomee kutoka daftarini. Kwa hiyo majibu ya jirani yake, mazuri au mabaya, yalikuwa yamekaa mahali fulani hayajasomwa, na aliyekuwa na ufunguo ni yeye.

"Ningefungua ndani ya dakika moja. Nilijiambia namsaidia. Kama kuna miadi nimkimbilie nimwambie, asije akachelewa kwa sababu ya hasira zake na mimi. Niliandika anwani yake. Nikaandika na neno la siri. Kidole kiko hapa, juu ya kitufe." Anaonyesha kwa kidole. "Nikafuta. Nikasema, wewe mwanamke hujifunzi."

Alikata ukurasa ule, akautia kwenye bahasha, akaifunga kwa gundi, akavuka barabara. Fundi aliipokea bila kuinua macho kwenye cherehani. Hakusema asante, wala yeye hakuisubiri. Hiyo ilikuwa Jumatatu. Mazungumzo haya yanafanyika Alhamisi.

Saa sita kasoro, mlango unasukumwa. Anaingia mwanamke mwenye futi ya kupimia shingoni na bahasha mkononi. Mama Printa anasimama, anakaa, anasimama tena.

"Jirani," anasema.

"Jirani," anajibu fundi. "Namba tatu ina mtu?"

"Haina."

Fundi anaketi. Mama Printa hamsogelei. Anatoka nje na mwandishi, anasimama barazani akiwa ameupa mlango mgongo, anakunja mikono, na mteja anayekuja na kitambulisho cha kutolewa nakala anaambiwa arudi baadaye. Mteja anauliza kwani kuna nini. Anaambiwa hilo halimhusu, na Mama Printa mwenyewe pia halimhusu.

Zinapita dakika kumi na mbili. Uso wake unaonyesha kila moja.

Fundi anatoka. Amefunga kila kitu mwenyewe, anasema, kama tangazo la ukutani linavyoagiza, ila amefuta bila kumwita mtu. Macho yake hayasomeki. Anamgeukia mwandishi aliyekaa na daftari lake pale kibarazani.

"Wewe ndiye wa gazeti? Andika tu, na wengine wajifunze. Ila nilichokitafuta usikiandike, na nilichokisoma leo pia."

Kisha anamwambia Mama Printa, "Kesho nitakuletea vipimo vya mteja, nitolee nakala," anavuka barabara, na baada ya muda cherehani inasikika ikianza kushona.

Mama Printa anarudi ndani. Mpango wake, anasema, ni kununua milango midogo ya kila kompyuta badala ya vipande hivi vya mbao, na mwaka ujao awe na siku moja kwa wiki ya kuwafundisha watu bure namna ya kujifutia wenyewe, hata kama atakayekuja ni mwalimu mstaafu peke yake.

Na majibu ya jirani yake? Yalikuwa mazuri?

Anakitazama kiti cha namba tatu, kisha skrini iliyo tupu.

"Sijui," anasema. "Na inaniuma kutojua, sitakuficha. Lakini hivi ndivyo ilivyotakiwa kuwa siku ile."