Ameugeuza wimbo wa marehemu mama yangu kuwa wa mapenzi, na sasa anataka nimpigie kinanda

Admin, naomba unifichie jina, Tabora tunajuana. Nina miaka 36, nauza vitambaa hapa mtaa wa Ng'ambo. Kinanda nilijifunzia kwenye kwaya ya kanisani, baadaye tukaanzisha bendi ya roki, watu wanne. Nyimbo zetu zilikuwa ndefu, mapigo yanabadilika katikati, watu wakatucheka mpaka wakatuzoea. Muimbaji wetu nitamwita Side.

Mama yangu aliuza asali stesheni ya Tura, kwenye madirisha ya treni. Alipofariki nilimtungia wimbo unaoanza polepole kama treni inayoondoka, kisha unashika kasi. Kibwagizo kinasema, "Mama wa asali, dirisha limefungwa." Side alikuwa akiuimba huku machozi yanamtoka. Nilimpenda kama mdogo wangu wa tumbo moja.

Akaondoka kwenda Dar bila kutuaga. Tukaja kumsikia redioni: "Wale wa Tabora walinirudisha nyuma, kila kitu nilitunga mimi."

Albamu yake ikatoka. Jamani! Wimbo wa mama yangu kaukata, kaweka mdundo wa kompyuta, anaimba, "Beibi wa asali, fungua dirisha." Nililia kwa hasira, nikiwa na mteja mbele yangu. Albamu yenyewe mbovu, haina kichwa wala miguu, na mashabiki wetu wa zamani walimshukia kweli kweli mitandaoni. Nilisoma maoni yote. Nilifurahi, sifichi.

Juzi kapiga simu. "Dada, nakuja kufanya shoo nyumbani. Watu wanataka bendi. Nisaidieni."

Nikamjibu kwa sauti tamu, "Njoo, mdogo wangu."

Mimi na wenzangu tumeshapanga. Akianza tu huo wimbo wa beibi, tunanyamazisha vyombo vyote. Mimi nashika maiki, nawaambia watu ni wa nani na uliimbwaje, kisha tunaupiga wenyewe, yeye amesimama hapo hapo. Mpiga dramu anasema, "Nataka nimwone anavyotafuta pa kuweka mikono." Hata mimi nataka. Nikiwaza hiyo sura napata usingizi mzuri.

Sasa jana mama yake Side kaja dukani. Nikampa shikamoo, akaitikia, akachagua kitenge.

"Nashona cha kuvaa kwenye shoo," akasema. "Sijawahi kumwona mwanangu jukwaani. Wameniwekea kiti mbele. Anasema amebaki na wewe tu, mwanangu."

Huyu mama ndiye aliyemwosha mama yangu siku ya msiba. Nilimkatia kitenge, wala sikuweza kumtazama usoni.

Shoo ni Jumamosi hii. Nimempigia mpiga dramu, kasema, "Ukirudi nyuma, nitafanya peke yangu." Mkitaka kuniambia nimsamehe Side, msijisumbue, sitaki na sitamsamehe. Ninachowauliza ni hiki: nimwaibishe mbele ya mama yake, au nimpigie kinanda huku anamtukana mama yangu? Ndugu zangu, ingekuwa wewe ungefanyaje?