Chama Kilichomtisha Meneja

Siku yangu ya kwanza kazini Riyadh nilipewa glavu za mtu aliyekwisha kurudi kwao, nikasimamishwa mbele ya mashine ya kukata bati. Tulitengeneza mifereji ya kupitishia hewa baridi majumbani: unapima, unakata, unakunja, kisha unaziba maungio kwa gundi inayowasha macho. Ninyi vijana huniuliza mshahara tu. Kazi yenyewe hamuiulizi.

Baadaye nilihamishiwa karakana ya Jeddah, nikafanywa msimamizi. Meneja alikuwa Mwingereza aliyewahi kukaa Mombasa, Kiswahili akikijua nusunusu. Kila tulipokunywa chai alirudia hadithi ileile: kiwanda cha nguo cha baba yake kiliuawa na chama cha wafanyakazi. "Waligoma asubuhi, wakagoma jioni, mpaka wateja wakahamia kwingine." Siku moja nilimwuliza mashine zao zilikuwa za lini. Akasema za enzi za babu yake, akanirudisha kazini.

Basi akasikia kwamba Wakenya wa karakana hukutana Ijumaa kule mtaa wa Bani Malik, chumbani kwa Barasa, fundi wetu bora. Akaniita.

"Wanafanya nini huko?"

"Ni chama tu, bosi."

Uso ukamwiva. Nikajua papo hapo alivyonielewa. Kile kilikuwa chama cha kufa na kuzikana: mwenzetu akifa, tunachanga mwili urudishwe nyumbani, na Barasa ndiye aliyefuatilia karatasi zote. Sentensi moja ingetosha kumweleza. Lakini nilikuwa na wiki tatu tu kwenye cheo, nikaogopa kuonekana nawatetea. Nikanyamaza, na mpaka leo naona aibu.

Wiki hiyohiyo kafili, yule mwajiri aliyedhamini viza zetu, akamkatia Barasa tiketi ya kwenda na kutorudi. Akiwa mlangoni na begi lake aliniambia, "Si ungemwambia tu hii ni chama ya matanga, bro?" Nikajifanya natafuta funguo. Waliobaki wakaacha kukutana.

Mwaka uliofuata Otieno, mkunja bati, alianguka kazini akafa. Mwili ulikaa mochari miezi minne, mkewe akinipigia simu kila Jumapili. Hakuna aliyethubutu kushika zile karatasi, hata mimi. Mwishowe akazikwa hukohuko.

"Ajabu," meneja aliniambia, kwa masikitiko ya kweli, "ninyi hamna utaratibu wa kusaidiana?"

Sasa nimestaafu, na mnaniuliza kama kweli vyama viliua viwanda vya Uingereza. Sijui, sikuwako. Mjane wa Otieno anaishi kijiji cha pili kutoka kwangu. Kila tukikutana sokoni hunishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru kwa kuwa nilipokea simu zake.